Pasipoti Yangu Ililala Gereji kwa Ajili ya Spoti ya Mume Wangu

"Kaka fundi... hiyo ni pasipoti ya nani?!"

Nilimuuliza kwa Kiswahili, nimesahau kabisa kwamba niko Guangzhou na aliye mbele yangu ni Mchina mwenye mikono myeusi kwa oili.

Alikuwa anatafuta spana ndogo kwenye droo ya meza yake. Akaivuta droo yote... na chini ya risiti na paketi za sigara nikaiona ile ngao ya bibi na bwana.

Pasipoti ya Tanzania!

Nikajua tu ni ya mume wangu. Nikanyoosha mkono, fundi hakunizuia. Nikafungua ukurasa wa picha...

Nikakutana na uso wangu mwenyewe!

Mimi Kauthar! Mtandio wa bluu, macho yamenitoka, picha ile ile niliyopiga Tanga mvua ikinyesha nje.

Jamani, wiki mbili nzima naambiwa pasipoti iko kwa wakala wa viza. "Iko kwa wakala, inagongwa muhuri, tulia." Na viza yangu ilikuwa imebakiza siku tisa tu!

Fundi akaichukua taratibu mkononi mwangu, akairudisha, akaifunga droo kwa goti. Kisha akaongea na simu yake, simu ikanitafsiria kwa Kiswahili cha roboti:

"Mume wako pesa bado. Kitabu chako kinalala hapa."

Hapo ndipo Murshid, mume wangu, akaingia anafuta mikono kwenye suruali.

"Eh, mama chakula umefika? Leo samaki au maharage?"

"Murshid. Pasipoti yangu inafanya nini kwenye droo ya fundi?"

Akasimama.

"Shusha sauti."

"Inafanya nini?"

"Ni rehani tu, Kauthar. Siku mbili tatu."

"Kwa nini yangu? Kwa nini hukuweka yako?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga.

"Mimi nasafiri. Nikipanda treni ya Yiwu naulizwa pasipoti, nikifika hoteli naulizwa pasipoti. Wewe unakwenda wapi? Si uko jikoni tu?"

Akachukua hotipoti niliyomletea, akafungua mfuniko, akanusa.

"Samaki. Vizuri."

Akakaa juu ya tairi, akaanza kula!

* * *

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe. Mimi shule nimeishia la saba, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya nivumilieni. Kuandika sijui sana. Kuangalia najua.

Guangzhou nina mwaka wa tatu. Murshid ni wakala. Wateja wanakuja kutoka Dar na Zanzibar, yeye anawapokea, anawapeleka Zhanqian kwenye maduka ya nguo na viatu, anawapigia bei, anawakusanyia mzigo mpaka unaingia kontena. Mimi napika. Kila mchana napeleka chakula Sanyuanli, ghorofa ya saba, kwenye ofisi ya kago ya Bi Shamsia, mama wa Kizanzibari ambaye sisi wote tunamwita mama. Hapo wanakula Watanzania, wanakula Wakongo, wanakula hata wale wanaosema wamekuja kuchungulia tu.

Na mtu kukaa bila viza, huku si mchezo. Mtaani Sanyuanli polisi wanaweza kukusimamisha saa yoyote: "Pasipoti." Ndiyo maana nawaambia pasipoti ile ilikuwa ndiyo mimi mwenyewe. Bila ile sipiki, sitembei, sipandi ndege.

Basi mwaka jana Murshid akaiona spoti kwenye simu.

Njano! Milango miwili, chini kabisa, ukikaa ndani unahisi umekaa sakafuni. Ukiikanyaga inalia mpaka watoto wa barabarani wanatoa simu kupiga picha. Na bei ilikuwa chini ya nusu ya gari jipya.

"Kauthar, fikiria," akaniambia. "Mteja anatoka uwanja wa ndege, kachoka, anakuta wakala wake anamsubiri na hii. Ataniachia mzigo wake wote bila kuhesabu!"

Nikaenda naye kuliangalia. Na nawaambia ukweli, Murshid alilinunua lile gari kama anavyonunua viatu Zhanqian.

Kule ana mtindo wake. Anachukua kikokotoo cha muuzaji, anabonyeza nusu ya bei, muuzaji anapiga kelele, Murshid anageuka anaondoka polepole. Hatua kumi, ishirini... anaitwa. Ameshinda!

Kwa gari akafanya hivyo hivyo. Akabonyeza nusu. Akageuka.

Hakufika hata hatua nne. Akaitwa!

Akacheka mpaka akanipiga bega. "Umeona? Umeona mume wako?"

Mimi nilikuwa nimemwangalia yule muuzaji usoni. Hakuuma meno hata kidogo. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Murshid, mbona amekubali upesi hivyo?"

"Kauthar, hili ni gari, si vitenge. Wewe na la saba lako unajua nini?"

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kosa langu la kwanza.

Hakuuliza linakula nini. Hakuuliza nani alilitengeneza mara ya mwisho, wala tairi zile zinauzwaje. Aliuliza linakimbia kiasi gani, akaambiwa, akalipa.

* * *

Wiki ya kwanza raha tupu. Wiki ya pili likaanza kula.

Mafuta halinywi ya kawaida, linataka yale ya bei ya juu kabisa kituoni. Sawa. Oili likawa linakunywa kama mtu mwenye sukari anavyokunywa maji, kila baada ya siku kumi linawasha taa linadai lita. Tairi za nyuma pana kama magodoro, laini, miezi mitatu zimekwisha, na haziuzwi moja. Bampa la mbele liko chini sana, kila likishuka kwenye maegesho ya chini ya jengo linakwaruza krrrr... na Murshid anafumba macho kama anachomwa sindano.

Namba zake zilikuwa za mji mwingine. Kwa namba hizo humu ndani unaruhusiwa siku nne mfululizo, halafu siku nne unaliacha. Likilazwa siku nne, betri inakufa! Siku ya tano asubuhi mteja yuko uwanja wa ndege, Murshid yuko chini ya jengo anaomba kuunganishiwa waya kwa gari la jirani.

Jamani, nililiona lile gari likitembea siku chache kuliko baiskeli yangu ya chakula.

Na leseni? Leseni ya Murshid ni ya Dar. Huku haitambuliki, ilibidi afanye mtihani wao. Hakufanya. Kila akiona polisi wa barabarani alikuwa anabadilika rangi, anapita vichochoro.

Halafu giaboksi ikagoma. Gia ya pili inaingia, ya tatu haitaki, gari linaruka kama chura.

Ndipo tukamjua Lao Huang, huyu fundi. Siku ile nilikuwepo. Aliingia chini ya gari, akatoka, akatoa bei. Murshid akachukua kikokotoo, akabonyeza nusu, akageuka...

Lao Huang hakumwita. Aliwasha sigara.

Murshid akarudi mwenyewe.

"Laoban, bosi wangu, gari lenyewe nimenunua rahisi! Mbona spea ghali?"

Simu ya Lao Huang ikatafsiri jibu lake: "Gari limezeeka, bei yake imeanguka. Spea haijui kwamba gari limezeeka. Spea ina bei ya gari jipya."

Yale maneno yaliniingia. Nikajua hapa hatujanunua gari, tumejiandikisha kulipa ada.

Gari likatengenezwa. Wiki ile ile gari likatoka gereji, mimi nikaambiwa pasipoti imekwenda kwa wakala.

Gari lilitoka, pasipoti yangu ikaingia. Mimi sikujua!

* * *

Basi turudi pale kwenye droo. Murshid alipomaliza samaki wake nilimvuta pembeni.

"Viza ina siku tisa."

"Najua."

"Ikipita?"

"Haitapita. Nauza gari."

Nikamwangalia. Sikuamini masikio yangu.

"Clément analitaka. Kwao Lubumbashi wanaendesha upande wa kulia, usukani wa kushoto ndio wao. Siku sita hivi ana pesa. Nikimpa gari, namlipa Huang, unapata kitabu chako. Umefurahi?"

Clément na mkewe Émérance walikuwa wateja wangu wa chakula. Wakongo, wana adabu. Émérance ananunua vitambaa Kangle, mcheshi huyo, kila siku ananiambia, "Dada Kauthar, ile pilau yako itaniuwa, ongeza!"

Nikarudi kwa Lao Huang peke yangu kesho yake. Nikapiga magoti, sioni haya kusema. Nikamwomba anipe pasipoti, nitamlipa kidogo kidogo kwa chakula.

Akaninyanyua. Akanipa kigoda, akanimiminia maji ya moto kwenye glasi. Si mtu mbaya.

"Mei banfa," akasema, na mikono akaifungua. Hakuna namna.

Ila akanionyesha kitu. Akaliwasha gari, maana Murshid alikuwa amelilaza pale. Injini ilikuwa ya baridi, imelala toka jana. Ilipowaka tu nikasikia sauti kama misumari inatikiswa kwenye kopo. Nyuma moshi wa bluu ukatoka. Lao Huang akaongea na simu:

"Cheni ya ndani ya injini imelegea. Siku moja itakatika. Injini itakufa. Dakika ishirini likipata moto, sauti inapotea. Mume wako anajua. Hana pesa."

Kweli. Baada ya dakika ishirini likanyamaza, likawa linanguruma kama simba aliyeshiba.

Nikaenda kwa Bi Shamsia nikamwaga yote. Pasipoti, droo, viza, kila kitu. Alinishika kichwa akanilaza mapajani pake.

"Vumilia mwanangu. Mambo ya mke na mume huzungumzwa ndani. Usiende huko nje ukatutoa aibu. Gari litauzwa, Mungu atajaalia."

Nikavumilia.

* * *

Zikabaki siku tatu.

Jana yake Murshid akanikalisha kitandani. Sauti laini, ile ya zamani alipokuwa ananichumbia.

"Kesho saa tatu asubuhi namleta Clément chini kwenye maegesho. Wewe saa mbili na nusu shuka. Liwashe. Bonyeza hapa tu. Liache lipate moto."

"Ili lisilie."

Akaanza kuvua soksi.

"Murshid, cheni ikikatika kule kwao?"

"Ikikatika kule, imekatika kule! Unataka pasipoti hutaki?"

Nikakunja pembe ya shuka.

"Nakuuliza. Unataka hutaki?"

"Nataka."

"Basi."

Wasomaji wangu, sitawadanganya. Saa mbili na nusu nilishuka. Nilikaa kwenye kile kiti cha chini, nikabonyeza. Misumari ikalia kwenye kopo. Nikakaa pale nalia, nalisubiri linyamaze, na nilikuwa nasema moyoni, ni gari tu, ni gari tu, wao wana pesa, mimi sina hata karatasi ya kusema mimi ni nani.

Likanyamaza. Nikalizima. Nikafuta uso kwa mtandio.

Saa tatu wakaja. Clément na koti lake safi, Émérance na kipochi amekikumbatia kifuani.

Murshid alilisifu lile gari jamani! Utadhani anamwozesha binti yake.

"Brother, hii ukiipeleka Lubumbashi, mawaziri watakuuliza umeipata wapi! Washa. Washa mwenyewe!"

Clément akawasha.

Mmmmmm. Kama simba aliyeshiba.

"Ah, voilà!" Clément akatabasamu. "Inaimba muzuri."

Akamgeukia mkewe. Émérance akaanza kufungua kipochi. Halafu akasita... akaja kwangu pale nilipojibanza kwenye nguzo.

"Dada Kauthar."

"Abee."

"Weye unatupikia kila siku. Hatujawahi kuuguwa tumbo hata siku moja. Hii ni feza ya mzigo wangu wote wa Kangle, nimeacha kununua vitambaa juu ya hii gari. Unambie tu, mwanamuke kwa mwanamuke. Iko muzima?"

Murshid alikuwa nyuma yake. Aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau.

Siku tatu. Siku tatu tu, na pasipoti ningeishika jioni ile ile!

Nilifungua mdomo kusema "ndiyo, ni zima kabisa".

Haikutoka.

Nikasema, "Subirini lipoe."

Basi. Maneno mawili.

Clément aligeuka polepole. Akaweka kiganja juu ya boneti. Akakitoa haraka, akakipuliza.

"Bwana Murshid," akasema kwa upole, "hii gari tumelikuta linatoka wapi asubui hii? Si uliniambia limelala toka juzi?"

"Ah, jua brother..."

"Jua? Chini ya jengo?"

Murshid akacheka kicheko kikavu. Clément akavua koti, akalikunja, akakaa kwenye ukingo wa saruji.

"Bon. Tutangoja. Mi sina haraka."

Walingoja saa nzima na zaidi! Émérance akatoa karanga kwenye kipochi, akampa mumewe, akanipa na mimi. Nikazishika tu kiganjani. Murshid alikuwa anatembea kutoka nguzo hii hadi ile, simu sikioni, na mimi nilijua hakuna anayeongea naye.

Clément akawasha tena.

Misumari kwenye kopo! Na ule moshi wa bluu ukamfuata mpaka miguuni.

"Mama eee!" Clément akapiga makofi. "Murshid! Hii moteur inapiga sebene!"

Hakugomba. Alicheka tu, akavaa koti lake, akampa Murshid mkono, wakaondoka. Émérance alinibana kidole alipopita.

Tukabaki wawili.

"Umeniua," Murshid akasema.

"Nisamehe."

"Umeniua kwa ajili ya Wakongo."

"Murshid, ameniuliza..."

"Kauthar, nimekuacha. Talaka moja. Na hiyo pasipoti yako, kaitafute kwa hao Wakongo!"

Akaingia kwenye spoti, akaondoka. Bampa likakwaruza kwenye mlango wa kutokea, krrrr... hakufumba macho safari hii.

* * *

Siku zile tatu sijui nilizipitishaje.

Nilipika mara mbili ya kawaida. Nikauza jiko langu la pili. Nikachukua pesa yote nikampelekea Lao Huang, akaihesabu, haikufika hata robo. Akanirudishia.

"Mei banfa."

Émérance na Clément walikuwa wamepanda treni kwenda Yiwu. Nilimpigia Murshid, hakupokea. Nikamwandikia, "Nimekukosea, nipe pasipoti yangu tu, sitakusumbua tena." Akasoma. Nikaziona zile alama kwamba amesoma. Kimya.

Siku ya mwisho ya viza nilikaa kitandani nikiangalia saa ya simu. Tarehe ikabadilika. Hakuna kilichotokea. Jirani alikuwa anaoga, maji yanatiririka bombani kama kawaida. Ila mimi kuanzia dakika ile nilikuwa mhalifu katika nchi ya watu.

Sikutoka tena. Nazunguka chumbani, nikisikia lifti nakaa chini. Wateja wananipigia simu, "Chakula vipi leo?" nawaambia naumwa. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Nilikuwa na chumvi, mchele na vitunguu viwili.

Siku ya tatu mlango ukagongwa.

Nikazima taa.

"Dada! Fungua! Mi Émérance!"

Nilipofungua alikuwa amesimama mkono kiunoni.

"Tumetoka Yiwu na njaa, tunafika kwa Mama Shamsia hakuna pilau! Unauguwa nini? Eh... mbona uko hivi?"

Nikamweleza. Yeye hakujua kabisa habari ya pasipoti! Alidhani Murshid anauza gari kwa tamaa tu. Nilipofika kwenye droo, akakaa chini sakafuni.

"Ngoja. Siku ile ulipotuambia tungoje... pasipoti yako ilikuwa inategemea ile gari?"

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Akanishika mikono yote miwili. Halafu akainuka.

"Vaa. Twende polisi."

"Polisi?! Émérance, viza imeisha! Watanifunga!"

"Ndiyo maana tunaenda leo, si kesho. Sikia. Mwaka ule patron wa duka moja alishikaka yangu juu ya deni ya vitambaa. Nikaenda polisi. Wakapiga simu tu. Sheria yao haikubali mutu kushika pasipoti ya mutu. Deni ni deni, lakini pasipoti hapana!"

"Na wewe walikufanyaje?"

"Walinipa maji ya kunywa. Vaa!"

Nilivaa mtandio kinyumenyume.

* * *

Kituoni tulimkuta askari wa kike, mdogo kuliko mimi, miwani, nywele fupi. Émérance Kichina anakijua. Akaongea, yule dada anaandika. Akauliza jina la gereji. Émérance akampa namba ya Lao Huang kutoka kwenye simu yangu.

Yule askari akainua simu ya mezani.

Jamani, mimi nilikuwa nahesabu. Hakuinuka hata kitini. Alisema sentensi tatu, labda nne. Akakata.

"Tukae," Émérance akasema.

Robo saa haikuisha. Lao Huang huyo na pikipiki yake ya umeme, jasho linamtoka, mikono ile ile ya oili, na pasipoti yangu kaifunga kwenye mfuko wa nailoni isichafuke. Akaiweka mezani kwa mikono miwili. Akamwinamia askari. Mimi hakuniangalia.

Sikulipa hata senti moja!

Nililia pale. Si kwa furaha. Nililia kwa sababu siku kumi na mbili nimelala na hofu, ndoa imekufa, viza imekufa, na kumbe ilikuwa ni simu ya dakika moja. Dakika moja!

Yule askari akafungua ukurasa wa viza. Akahesabu kwa kalamu. Akaniangalia, akasema kitu.

Émérance akachelewa kutafsiri.

"Anasema nini?"

"Anauliza kwa nini haukukuja mapema. Ungekuja mbele ya viza kuisha, ungebeba pasipoti yako ukaenda kuomba kuongeza. Sasa siku tatu zimepita. Faini utalipa... na wanakupa siku kumi za kufungasha."

Kwa nini hukuja mapema.

Faini Émérance alinilipia nusu. Nilikataa, akanitukana kwa Kifaransa mpaka nikakubali.

Jioni nikapanda ghorofa ya saba. Bi Shamsia alikuwa anaandika namba za mizigo kwa kalamu nene.

"Nimeipata, mama."

"Alhamdulillah! Murshid kakomboa?"

"Polisi walimpigia fundi simu. Akaileta bure."

Nilimwangalia usoni wakati namwambia. Nimewaambia kuangalia najua. Nilingoja ashangae.

Hakushangaa.

"Bi Shamsia... ulikuwa unajua?"

Akafunika kalamu yake.

"Ulijua kwamba nikienda polisi naipata?"

"Mwanangu, ghorofa nzima hii inajua."

"Nilipolala mapajani pako ulijua?"

"Kauthar, nisikilize. Polisi wakianza kupanda ngazi hizi hawaishii kwa fundi. Yupo humu mwenye viza mbovu. Yupo mwenye mzigo feki wenye nembo za watu. Murshid mwenyewe hana leseni, na ndiye anayeniletea wateja. Ningekwambia uende, ningefunga ofisi mimi. Ndiyo nikasema gari litauzwa tu, mambo yatakwisha kimyakimya."

"Na yasipokwisha?"

Akaanza kupanga karatasi zake. Macho yake yalilowa, nadhani kweli ananipenda. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angekuwa ananichukia ningeelewa.

* * *

Leo asubuhi Murshid amenitafuta. Wiki nzima kimya, leo ujumbe wa sauti! Nikaubonyeza haraka. Nikasema moyoni, anaomba radhi.

"Kauthar, sikia. Huang kalifungia gari langu, katoa na tairi, anasema mpaka nimlipe. Wewe si umejuana na yule askari? Hebu nenda ukamwambie anipigie simu moja tu kama aliyokupigia wewe. Mimi siwezi kwenda, unajua mambo ya leseni. Fanya basi, mama."

Nimeusikiliza mara tatu.

Nimetaka kumjibu, nimeandika, nimefuta. Nimeandika tena, nimefuta. Hata kumtukana nimeshindwa.

Ndege yangu ni Alhamisi. Masufuria makubwa nimempa Émérance, anasema atajaribu pilau, Mungu awasaidie wale wateja. Kama nitapewa viza tena sijui. Miaka mitatu yangu inaingia kwenye begi moja.

Wewe unayesoma huku unaangalia picha za spoti ya mtumba kwenye simu, nakuachia hili: usiulize inakimbia kiasi gani. Uliza ikisimama, nani atalipa na kwa kitu gani. Kwangu ililipwa na mimi.

Na wewe dada, wewe kaka, uliyeko Guangzhou, Dubai, Muscat au popote, ambaye saa hii pasipoti yako iko kwenye droo ya mtu na unaambiwa vumilia... usingoje mtu mwema akuambie. Watu wema nao wana ya kwao ya kuficha.

Nimekuambia mimi. Vaa viatu uende.